Meseji ya Saa Tatu na Dakika Ishirini

Jumatatu ya mwisho wa Novemba, mwaka wa tisini na tisa, Kihara alirudi nyumbani kwake Naro Moru na simu ya mkono, ameifunga kwa kitambaa na kuitia mfuko wa ndani wa koti. Aliiweka juu ya meza, kando ya mashine ya mkewe ya kufuma sweta, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyeweka yai.

"Ni yako?" Wachuka akauliza.

"Ni ya Ndungu. Lakini mimi ndiye nitakaa nayo."

"Na ikipotea?"

"Amesema nitauza shamba."

Wachuka alicheka kidogo, kisha akaacha. Alimjua Moffat Ndungu. Hakuwa mtu wa mzaha.

Kihara alikuwa kiongozi wa wapagazi katika kampuni ya Ndungu, kampuni iliyopandisha wageni mlimani. Miaka kumi na minne alikuwa akipanda na kushuka, na sasa wageni walikuwa wengi kuliko wakati wowote, kwa sababu kila mzungu alitaka kuliona jua la kwanza la mwaka wa elfu mbili akiwa juu ya Mlima Kenya. Ndungu alinunua simu mbili. Moja ilibaki naye ofisini. Ya pili alimpa Kihara, na kwa kuwa kupiga kulikuwa ghali, akaamuru kwamba watawasiliana kwa kuandikiana.

Shiro, karani wa ofisi, ndiye aliyemfundisha. Herufi S ilitaka kubonyezwa mara nne. Ukibonyeza haraka mno unapata herufi nyingine, na ukichelewa inaruka mbele. Nyumbani Kihara naye akamfundisha mkewe. Waliketi bega kwa bega, Wachuka akibonyeza kwa kidole kilichozoea sindano, mpaka akaandika "chai tayari" bila kukosea. Hawakuituma popote. Hapakuwa na mtu wa kumtumia.

Nyumbani netiweki haikufika. Ilipatikana kwenye mwinuko nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji. Kila jioni Kihara alipanda pale, akasimama na simu mkononi mpaka ilie, kisha akarudi akimsomea mkewe maagizo ya Ndungu. Leta risiti za mafuta ya taa. Hesabu mahema. Mpagazi wako Koome asichelewe tena.

"Ukishasoma si ufute?" Wachuka alimuuliza siku moja. "Shiro alisema zinafutwa."

"Sifuti hata moja."

"Kwa nini?"

"Unakumbuka Agosti?"

Wachuka alikumbuka. Mwezi wa Agosti Ndungu alimwambia Kihara kwa mdomo apande na wapagazi wanane badala ya kumi na wawili. Wageni walipolalamika kwamba watu wamebebeshwa kama punda, Ndungu akamgeukia Kihara mbele ya wote, akamuuliza ni nani alimpa ruhusa ya kuwatesa watu hivyo. Kihara alisimama pale, kofia mkononi, akaomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake.

"Sasa maneno yake yanakaa," Kihara alisema, akigonga simu kwa ukucha. "Hii ya tarehe kumi na nne, sikiza. 'Usinisumbue na maswali kila saa. Nikinyamaza endeleeni na mpango.' Siku akinigeuka, ninamwonyesha."

Jumapili, siku moja baada ya Krismasi, bahasha ndogo ilitokea pembeni mwa kioo cha simu, ikaanza kuwaka na kuzima. Kihara alibonyeza kila mahali. Hapakuwa na ujumbe mpya. Ujumbe ulikuwa ule ule, kumi kwa jumla, wote alishausoma.

"Labda ni betri," alisema.

"Betri iko na alama yake. Uliza ofisini."

Kihara aliirudisha simu mfukoni. Wiki ya kwanza aliuliza zile alama za netiweki ni nini, akaziita ngazi. Ndungu alimfanya arudie neno hilo mbele ya wageni na wapagazi, mara mbili, akiwa amejishika mbavu. Tangu siku hiyo kulikuwa na vijana wa kazi waliomwita Ngazi, yeye mwenye umri wa baba zao.

Jumatatu alikwenda ofisini kupokea mizigo, na nia ya kuuliza anayo. Shiro alikuwa akiandika orodha za vyakula; alitazama kile kibahasha, akasema yeye hajui. "Kile kitabu cha maelezo ya hiyo simu Bwana amefungia kwa droo. Muulize mwenyewe, yuko hapo."

Kihara alifika mlangoni. Ndani, Ndungu alikuwa akicheka na wageni wawili, miguu juu ya meza. Kihara alisimama kwa muda wa mtu kuhesabu hadi ishirini. Kisha akarudi kufunga mizigo.

*

Walipanda Jumanne, wageni sita na wapagazi kumi. Jumatano asubuhi walikuwa kambi ya Met Station, pale barabara inapoishia na msitu unakaribia kwisha. Kulikuwa na baridi isiyo ya kawaida kwa mwezi huo. Mlima wenyewe haukuonekana. Mahali ulipopaswa kuwa palikuwa na ukuta wa wingu wa rangi ya jivu, na wingu hilo halikuwa likisogea.

Kihara aliwasha simu. Netiweki ilikuwepo. Akaandika, polepole, kwa vidole vya baridi: "Wingu zito sana juu. Tupande ama tungoje?" Akatuma saa tatu na dakika tano. Simu ikamwambia kwamba ujumbe umetumwa.

Akangoja, amesimama juu ya jiwe, simu ameiinua usawa wa uso.

Koome alikuwa ameketi juu ya kreti, akinywa chai kwa kikombe cha bati. Alikuwa Mmeru wa miaka thelathini na mmoja, mtu wa maneno machache, aliyepanga chumba na mkewe Nkatha nyuma ya kinu cha unga pale Naro Moru. Kreti hiyo ndiyo iliyokuwa mzigo wake: chupa kumi na mbili za mvinyo wa kufungulia mwaka mpya kileleni, zimefungwa kwa majani makavu.

"Mzee Kihara," Koome aliita, "hii kamba itanikata bega. Hakuna ingine?"

"Ngoja kwanza, ninangojea jibu."

Saa tatu na nusu ilipita. Saa nne kasoro robo. Mgeni mwenye ndevu nyekundu alikuja kuuliza shida ni nini, kisha akaja tena, na mara ya tatu akasema kwamba wamelipa kupanda mlima, hawakulipa kutazama simu. Bahasha iliwaka na kuzima. Jibu halikuja.

Nikinyamaza endeleeni na mpango. Kihara aliyasoma maneno hayo tena pale pale juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza hayakumpa nguvu. Aliwatazama watu wake. Hakuna aliyekuwa na koti la maana isipokuwa yeye.

"Twendeni," akasema. "Msiachane. Mtu asibaki nyuma peke yake."

Lakini walipotoka msituni na kuingia kwenye tope refu la mteremko wa mlima, mvua ikageuka theluji, na theluji ikaleta ukungu, kila mtu akawa na macho ya kuona kisigino cha mwenzake tu. Mgeni mmoja mwanamke alianza kutapika. Kihara alimbeba mgongoni sehemu kubwa ya njia. Glavu zake alikuwa amemvisha yeye. Walipofika kambini juu alihesabu watu. Wageni sita. Wapagazi tisa.

Alirudi kumtafuta Koome mara mbili, akaita mpaka sauti ikaisha. Walimpata asubuhi, chini kidogo ya ukingo wa bonde, ameketi nyuma ya jiwe kubwa. Kreti alikuwa ameiweka chini vizuri, kando yake. Hakuna chupa iliyovunjika.

*

Habari ilimfikia Wachuka Alhamisi mchana, kupitia kwa mwanamke aliyekuja kuchukua sweta. "Ati kuna mtu amekufa kwa watu wa Ndungu." Wachuka aliacha mashine na uzi ukining'inia, akaenda ofisini bila hata kubadilisha kandambili.

Watu walikuwa wamejaa barazani. Nkatha alikuwa amesimama mbele kabisa, leso kichwani, mikono imeshika nguzo. Hakuwa analia. Ndungu alitoka na simu yake.

"Ninyi wote ni mashahidi," alisema. "Mimi sina mkono kwa hii maneno. Jana saa tatu na dakika ishirini nilimwandikia Kihara wasipande. Nilipigiwa na watu wa hali ya hewa, hapo hapo nikamwandikia. Shiro, si ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa," Shiro alisema, akitazama chini.

"Mke wa Kihara yuko wapi? Si huyo? Njoo hapa, mama. Unajua kusoma?"

"Ninajua."

"Somea watu."

Wachuka alipanda ngazi mbili za baraza huku watu wakimpisha kwa upana zaidi kuliko ilivyohitajika. Aliisoma kwa sauti kwa sababu aliambiwa asome. "Msipande. Theluji nzito inakuja. Rudisha watu wote Naro Moru leo."

"Sasa uliza bwana yako kwa nini alipanda," Ndungu alisema.

Wachuka alipogeuka kushuka, macho yake yalikutana na ya Nkatha. Nkatha alimtazama kama mtu anayekariri sura, ili asiisahau.

*

Kihara aliteremka Ijumaa, siku ile ambayo dunia nzima ilikuwa ikingojea mwaka mpya. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimebadilika rangi, vimekuwa kama viazi vilivyooza. Ndungu alimkuta barabarani, akataka simu pale pale. Lakini afisa wa polisi aliyekuja kuuchukua mwili alisema hapana, Kihara akae nayo, na Jumatatu aje nayo kituoni.

"Haikufika," Kihara alimwambia mkewe alipoketi. "Mungu anajua, Mama Watiri. Nilisimama juu ya jiwe karibu saa nzima. Haikufika."

"Mimi niliisoma kwa macho yangu, Baba Watiri. Alituma."

"Basi ilienda wapi?"

Watoto wao walikuwa Kiganjo kwa nyanya yao kwa likizo, na nyumba ilikuwa kimya mno. Wachuka alikuwa akimfunga mkono kwa kitambaa kilichochemshwa waliposikia mtu akibisha. Alikuwa Shiro. Hakutaka kuingia. Alitoa kijitabu chini ya sweta yake, akakisukuma mikononi mwa Wachuka.

"Bwana asijue nimeleta," alisema, akaenda zake haraka.

Kijitabu kilikuwa cha Kiingereza. Wachuka alikuwa amesoma mpaka kidato cha pili, na Kiingereza chake kilikuwa kimelala miaka mingi. Alikisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akirudia. Kulikuwa na picha ya bahasha. Alisoma maneno ya chini yake mara tatu kabla ya kufungua mdomo.

"Inasema ikiwaka na kuzima, imejaa."

"Nini imejaa?"

"Simu. Inaweka kumi tu. Zikifika kumi, hakuna ingine inaingia mpaka ufute moja."

Kihara alibaki amekodoa macho. Alikuwa amefanya hesabu ile ile aliyokuwa ameifanya Wachuka: kumi zimekaa ndani kwa usalama, na ya kumi na moja inazunguka nje, haina pa kukaa.

"Futa moja," Kihara alisema hatimaye. "Ile ya risiti. Wewe bonyeza, mimi mkono hautaki."

Walipanda kwenye tangi la maji jua likiwa bado juu. Wachuka alifuta ujumbe wa risiti, akaizima simu, akaiwasha tena. Bahasha ilikuwa imetoweka. Walisubiri. Upande wa mlima kulikuwa na anga safi ya buluu, na vilele vilionekana vyote, vyeupe, kama vitu visivyohusika na lolote.

Simu ikalia.

Wachuka aliifungua. Maneno yalikuwa yale yale aliyoyasoma barazani. Alibonyeza kushuka mpaka chini ya maneno. Palikuwa na tarehe na saa. Haikuwa tarehe ya leo. Iliandikwa ishirini na tisa, Desemba, saa tatu na dakika ishirini.

"Inaonyesha saa aliyotuma," alisema. "Haionyeshi saa imeingia."

Kihara alichukua muda kuelewa. Kisha akaelewa.

"Mtu akiangalia..."

"Atasema ulikuwa nayo. Ulisoma, ukanyamaza, ukapeleka watu." Wachuka alitazama nyuma yake, ingawa hapakuwa na mtu. "Baba Watiri, ninaifuta."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Jumatatu unampelekea polisi kitanzi chako mwenyewe? Neno ni moja tu, futa, na imekwisha! Utasema haikufika, na ni kweli haikufika!"

"Haikufika kwa sababu mimi niliijaza."

"Hakuna mtu anajua hiyo."

"Mimi ninajua. Wewe pia unajua." Aliuinua ule mkono uliofungwa, akaushusha. "Nkatha atakuja kuniuliza. Si leo, lakini atakuja. Nitamwambia nini, Mama Watiri? Niambie, hayo maneno nitayasema aje?"

Kidole cha Wachuka kilikuwa juu ya kitufe. Kihara hakuwa na mkono wa kumzuia, na hakujaribu. Alisimama tu, akimtazama, mtu aliyezeeka kwa siku tatu. Wachuka alilia kwa hasira, machozi yakamwangukia mikononi. Kisha akaizima simu, akaitia mfukoni mwa aproni yake.

*

Jumapili baada ya kanisa walikwenda chumbani kwa Nkatha. Wanawake wanne wa kanisa lake walikuwa wameketi kitandani na kwenye ndoo zilizopinduliwa. Hakuna aliyewapa pa kukaa. Kihara alisema yote akiwa amesimama, kisha Wachuka akawasha simu na kumwonyesha Nkatha.

Nkatha aliisoma mwenyewe, silabi kwa silabi.

"Saa hiyo Koome alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameketi karibu yangu. Anakunywa chai."

"Ungeisoma, mngerudi?"

"Tungerudi. Saa saba mngekuwa pamoja hapa."

Mwanamke mmoja alisonya kwa uchungu. Nkatha hakugeuka.

"Hiyo bahasha ilianza siku gani?"

"Jumapili iliyopita."

"Na mlipanda Jumanne."

"Jumanne."

"Siku mbili. Na hukuuliza mtu?"

"Niliuliza Shiro. Hakujua. Ndungu sikumuuliza."

"Kwa nini?"

Kihara alikuwa na maneno mengi ya kuweka hapo. Agosti, yale matusi, miaka kumi na minne. Yote yalikuwa kweli.

"Niliogopa kuchekwa," alisema.

Kinu cha unga kilisikika kana kwamba kiko ndani. Nkatha alirudi kwenye simu. Wachuka alimwonyesha kitufe cha kushukia, naye akausoma ujumbe wote kumi, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Kwenye ule wa tarehe kumi na nne alisimama.

"Na hii itaenda polisi?"

"Zote zitaenda," Wachuka alisema.

"Basi na mimi nitakuwa huko kesho." Nkatha alimrudishia Wachuka simu, kisha akamtazama Kihara kwa mara ya kwanza tangu waingie. "Sasa utoke. Mama Watiri anaweza kubaki. Wewe utoke."

Kihara alitoka.

*

Kituoni, Ndungu alikuja na wakili kutoka Nyeri. Afisa alinakili ujumbe wa saa tatu na dakika ishirini, neno kwa neno, pamoja na saa yake. Kihara alieleza habari ya bahasha. Afisa alisikiliza, akaandika mstari mmoja. Nkatha aliposema wasome na ule wa tarehe kumi na nne, wakili alisema huo si wa siku ya ajali, na afisa akamwomba Nkatha angoje nje. Mwishoni iliandikwa kwamba Koome alikufa kwa baridi, na kwamba kiongozi wa wapagazi alizembea. Kesi haikufunguliwa. Kihara, aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote mle ndani, hakuweza kushika kalamu. Walimpaka wino kwenye dole gumba la kushoto kama mtu asiyejua kusoma, akaweka alama.

Ndungu alichukua simu yake pale pale juu ya meza. Wiki hiyo hiyo alimwajiri kiongozi mwingine. Kihara alikatwa vidole vitatu hospitalini.

Koome alizikwa kwao, upande wa pili wa mlima. Nkatha hakumwalika Kihara, wala hakumkataza. Kihara na Wachuka walifika asubuhi, wakasimama nyuma ya watu wote. Minong'ono ilitangulia mbele yao, ikawafikia wenyeji kabla ya salamu. Baada ya maombi, Marete, baba yake Koome, mzee mrefu aliyevaa koti la marehemu mwanawe, alikuja mpaka waliposimama. Aliutazama mkono wenye bandeji kwa muda mrefu.

"Umetoka mbali," alisema. "Keti ule."

Waliwekwa kwenye benchi peke yao. Sahani ya wali na maharagwe ililetwa. Kihara alijaribu kijiko kwa mkono wa kushoto. Kikamponyoka, kikaanguka, wali ukamwagika magotini. Watu waliokuwa karibu waligeuka kutazama. Wachuka aliokota kijiko, akakisuuza, akachota, akakipeleka mdomoni mwa mumewe mbele ya kijiji kizima. Kihara alifumba macho, akafungua mdomo.

Nkatha alisimama kando ya kaburi jipya, akawatazama. Hakuja, wala hakuondoka. Alingoja mpaka sahani ikaisha, ndipo akaja kuichukua.